Kushindwa kusoma si uvivu

Wazazi wengi wa Voi na sehemu nyingine za Taita Taveta humleta mtoto kwa daktari akiwa na homa, na wanapoinuka kuondoka ndipo huuliza: "Daktari, mbona huyu yuko Gredi ya 4 na bado hajui kusoma?" Kufikia hapo mtoto ameshaitwa mzembe, na pengine ameonja kiboko, ingawa adhabu hiyo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001.

Tatizo hili ni nini?

Kuna watoto wenye akili ya kawaida, au hata kali, ambao ubongo wao hupata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Hali hii huitwa disleksia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 aliyemudu hesabu lakini hakuweza kusoma. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Si laana wala malezi mabaya.

Dalili zake

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia huenda akakisoma bila makosa mengi, ila polepole mno, silabi moja moja. Kiingereza ndicho humshinda kabisa. Lakini mtoto aliyelelewa kwa Kidawida akikosa maneno ya Kiingereza, huo si ugonjwa. Msomee hadithi katika lugha anayoielewa. Ikiwa anajibu maswali vizuri, lakini hawezi kuisoma mwenyewe ingawa amefundishwa, achunguzwe.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mtoto apimwe macho na masikio. Sikio linalotoa usaha hupunguza usikivu. Mweleze daktari kama aliwahi kupoteza fahamu kwa malaria kali, kwani inaweza kudhuru ubongo. Upungufu wa damu na kifafa cha kuduwaa pia huvuruga masomo.

Pili, uliza ofisi ya elimu kuhusu kituo cha tathmini (EARC). Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984, na kazi yake ni kupima watoto wenye mahitaji maalum na kushauri shule.

Disleksia haina dawa ya kumeza. Tiba yake ni mafunzo: sauti na herufi, hatua kwa hatua, dakika chache kila siku, na muda zaidi wa kuandika. Usingoje mtihani wa taifa. Mafunzo yakianza mapema, mtoto hunufaika zaidi.