Mkonge au Katani? Ufafanuzi na Mpangilio wa Istilahi za Maada Zitokanazo na Viumbe

Utangulizi

Kaskazini ya Rongai, katika Kaunti ya Nakuru, barabara inayopita Kampi ya Moto kuelekea Mogotio humfikisha msafiri katika mashamba ya mkonge. Katika mazingira hayo, kauli "tani moja ya mkonge" huonekana nyepesi, lakini ina utata. Ikiwa inarejelea majani yaliyokatwa shambani, tani hiyo itatoa takriban kilo 40 tu za nyuzi kavu, kwa kuwa nyuzi ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani bichi. Ikiwa inarejelea nyuzi zenyewe, basi ni kilo 1,000 kamili. Neno moja limebeba vitu viwili vinavyotofautiana mara 25 kwa uzito. Mkataba au daftari la mauzo lisilobainisha maana iliyokusudiwa laweza kumpunja mmoja wa wahusika.

Makala haya yanadai kwamba istilahi ya maada itokanayo na kiumbe haifafanuliwi barabara mpaka ioneshe hatua ambayo maada hiyo imefikia katika safari yake kutoka kwa kiumbe hadi kwa mtumiaji.

Mmea na jina lake

Mkonge wa mashambani ulitoka Meksiko. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, aliuleta katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Jina lake halikuja nao. Wenyeji wa pwani walikuwa wakiita mkonge mimea ya asili ya kundi la Sansevieria, ambayo majani yake pia hutoa nyuzi za kusokotea kamba. Mmea mgeni ulipewa jina la ule uliofanana nao kwa matumizi.

Historia hiyo humtahadharisha mtunga faharasa. Akiandika kwamba mkonge ni Agave sisalana na kukomea hapo, atauacha nje mmea wa asili. Atakiacha nje pia chotara namba 11648, kilichozalishwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, kwa kuzalishanisha Agave amaniensis na Agave angustifolia. Chotara hicho hulimwa mashambani, na wakulima hukiita mkonge bila wasiwasi. Fasili iliyo bora itaanza na sifa wanayoiona watumiaji, yaani mmea wenye majani marefu yenye nyuzi ngumu, kisha itataja spishi kama mifano.

Katani na kitani

Katani ni nyuzi zilizotolewa katika majani ya mkonge. Kitani ni nyuzi laini zitokazo kwenye shina la mmea wa Linum usitatissimum, na hufumwa kuwa nguo. Maneno yote mawili yana uhusiano na neno la Kiarabu kattan, na irabu moja tu ndiyo inayoyatenganisha. Faharasa ikiyaweka mbalimbali bila kielekezi, mwanafunzi atadhani ni tahajia mbili za neno moja.

Mpangilio wa alfabeti pekee hauondoi tatizo hilo. Eugen Wüster, mtaalamu wa Austria aliyeweka misingi ya nadharia ya istilahi, alisisitiza kwamba kazi ianze na dhana, kisha neno. Kwa msingi huo, istilahi za mkonge zaweza kupangwa katika hatua nne:

(a) Kiumbe: mkonge.
(b) Sehemu: jani, mlingoti.
(c) Mchakato: kukata, kuchakata, kuanika, kupiga brashi.
(d) Zao: katani, robota, kamba.

Alfabeti itumike mwishoni kama ufunguo wa kutafutia. Kidahizo kitakuwa hivi:

katani nm [i-/zi-] nyuzi ngumu zinazopatikana kwa kuchakata majani ya mkonge. Hatua: zao. Chanzo: jani. Linganisha: kitani.

Maada za tiba

Utata wa namna hiyo unajitokeza pia katika istilahi mpya ya biomateria. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chester, Uingereza, mwaka 1986 uliifafanua kuwa maada isiyo hai inayotumiwa katika kifaa cha tiba ili ihusiane na mifumo ya mwili. Kwa fasili hiyo, titani ya nyonga bandia imo, na katani ya kamba haimo. Hata hivyo, nje ya tiba neno hilo hutumiwa pia kwa maada zitokazo kwenye mimea na wanyama.

Kiswahili hakilazimiki kuurithi mkanganyiko huo. Chaweza kuwa na vidahizo viwili: maada itokanayo na kiumbe, na maada ya kitabibu. Cha kwanza kinataja asili, cha pili kinataja matumizi. Uzi wa hariri wa kushonea jeraha utaingia kotekote, na kielekezi kitauonesha hivyo.

Hitimisho

Istilahi nyingi za mkonge zimo vinywani mwa wakataji na waendeshaji mitambo. Huko Tanzania, kwa mfano, mtambo wa kuchakata huitwa korona, na nyuzi huitwa pia singa. Wanafunzi wa vyuo vilivyo karibu na Rongai, kikiwemo Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, wana nafasi ya kukusanya msamiati wa mashamba ya Bonde la Ufa na kuulinganisha na ule wa Tanga. Wasipofanya hivyo, faharasa zitaendelea kutafsiriwa kutoka Kiingereza, na mfanyakazi atasoma kuhusu kazi yake kwa maneno asiyoyajua.

Zoezi

Chukua neno ngozi au pamba. Bainisha ni hatua zipi kati ya nne zilizotajwa ambazo neno hilo hurejelea katika matumizi ya kila siku, kisha uandike kidahizo kimoja kwa kila maana.