Mzazi Akisema: "Nisaidie Niache Pombe"



Ndugu yetu mmoja alirudi nyumbani Buyenzi, Bujumbura, wakati wa likizo. Baada ya Isha baba yake akamwita uani: "Mwanangu, pombe imenishinda. Nisaidie niiache." Kijana alikuwa na maneno ya miaka mingi ya kumlaumu, lakini la kumsaidia hakuwa nalo hata moja. Wangapi kati yetu wana mtihani huu na wanauficha? Tujifunze mambo manne.

1. Chunga ulimi. Hukumu ya pombe iko wazi katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91. Lakini Sura Luqman, aya ya 15, inatuamrisha kukaa kwa wema hata na wazazi wanaotushurutisha kumshirikisha Allah. Seuze mzazi Muislamu anayetaka kutubu! Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa kosa la kunywa. Mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, kwa sababu mtu yule alimpenda Allah na Mtume Wake. Aliadhibiwa, lakini hakutupwa.

2. Mpeleke kwa daktari kwanza. Anayekunywa sana kila siku akikata ghafla, mwili unaweza kumgeuka: kutetemeka mikono, jasho, kutapika, kukosa usingizi. Wengine hupatwa na degedege, au huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, hasa siku 3 au 4 za mwanzo. Hali hiyo inaweza kuua. Basi usimfungie chumbani ukidhani ni kumsaidia. Daktari ana dawa za kumvusha salama. Bujumbura kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge. Kwenda huko si kusema Baba ni kichaa.

3. Msitiri, lakini usibaki peke yako. Usiisimulie habari yake bwenini. Waambie wanaoweza kusaidia tu: Mama, ami mwenye busara, imamu anayetunza siri. Saa aliyozoea kwenda kilabuni ndiyo saa ngumu kuliko zote. Basi wakati huo awe na mtu. Nenda naye Magharibi, mkae msikitini mpaka Isha.

4. Akianguka, muinue. Wengi huteleza kabla ya kusimama imara. Usiseme, "Nilijua tu." Mlango wa toba haujafungwa, mkumbushe Suratuz Zumar, aya ya 53, kisha mrudi kwa daktari.

Ndugu yetu hakuhutubia usiku ule. Aliushika mkono wa baba yake, na asubuhi wakatoka pamoja kwenda hospitali.

Maswali ya halaka
1. Kuna tofauti gani kati ya kumsitiri mzazi na kuficha ugonjwa wake?
2. Nani katika familia yako anaweza kubeba amana hii pamoja nawe?

Allah awaponye wazazi wetu na atupe subira ya kuwahudumia. Amin.