JE, YAFAA KUMLAZIMISHA MTU KUPIGA KURA?

Katika kipindi cha uraia muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza swali, na kengele ikalia kabla hatujalimaliza. Naona yafaa nilijibu hapa, ili na wazazi wapate kulifikiria. Swali lenyewe ni hili: Ikiwa kupiga kura ni jambo jema kwa nchi, kwa nini isiwekwe sheria ya kumlazimisha kila mtu apige kura, na asiyepiga atozwe faini?

Swali hili si la mchezo. Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 2010, watu walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 20, lakini waliopiga kura hawakufika milioni 9, yaani kama watu 43 katika kila 100. Mwaka 2015 hali ilikuwa afadhali, kwani walipiga kura watu 67 katika kila 100. Hata hivyo, karibu mtu mmoja katika kila watatu hakuonekana kituoni. Katiba yetu, katika ibara ya 5, yasema kwamba raia aliyetimiza umri wa miaka 18 anayo haki ya kupiga kura. Haikusema kwamba ni lazima apige. Tofauti iliyopo baina ya maneno haya mawili, haki na lazima, ndiyo nitakayo tuichunguze.

MFANO WA AUSTRALIA

Nchi ijulikanayo sana kwa jambo hili ni Australia. Jimbo la Queensland ndilo lililotangulia kuweka sheria hiyo, mwaka 1915. Kisha, katika uchaguzi wa nchi nzima wa mwaka 1922, wapiga kura waliofika walikuwa pungufu ya 60 katika kila 100. Seneta mmoja kutoka Tasmania, jina lake Herbert Payne, alipeleka muswada Bungeni, na mwaka 1924 ukawa sheria. Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa mwaka 1925, na safari hii walifika zaidi ya 91 katika kila 100. Hata mwaka 2022, karibu miaka mia baadaye, walikuwa karibu 90. Asiyepiga kura bila sababu ya haki hutozwa dola 20 za huko.

Wenye kuisifu sheria hii wana hoja mbili nzito.

Kwanza, husema kwamba mahali ambapo kila mtu hupiga kura, mgombea hawezi kuwadharau watu wa mtaa fulani kwa kuwa anajua hawatokei siku ya uchaguzi. Maskini na tajiri, kijana na mzee, wote huhesabiwa.

Pili, na hoja hii watu wengi huisahau, sheria hiyo huifunga Serikali pia. Huwezi kumtoza mtu faini kwa kutofika kituoni ikiwa kituo kiko mbali naye, au ikiwa siku hiyo yuko kazini. Kwa hiyo uchaguzi huko hufanywa Jumamosi. Mwenye udhuru aweza kupiga kura mapema au kwa posta. Na maofisa huyapeleka masanduku ya kura kwa wagonjwa hospitalini na kwa watu waishio mbali sana na miji.

UPANDE WA PILI

Lakini kila shilingi ina pande mbili. Katika uchaguzi wa Bunge lao mpiga kura hutakiwa kuandika namba mbele ya jina la kila mgombea, kwa kadiri anavyompenda. Yule ambaye hakutaka kuja, naye amekuja kwa kuogopa faini, huandika tu 1, 2, 3, 4 kutoka juu hadi chini, kisha huenda zake. Waaustralia wenyewe huiita hiyo kura ya punda. Ndiyo sababu siku hizi majina hupangwa kwenye karatasi kwa bahati nasibu, ili mtu asipate faida kwa sababu tu jina lake liko juu.

Tena, kulazimisha peke yake si haki. Ilipotungwa sheria ile ya mwaka 1924, wengi wa wenyeji wa asili wa Australia hawakuruhusiwa kupiga kura hata kama walitaka. Walipata haki hiyo katika uchaguzi wa nchi nzima mwaka 1962 tu, na wajibu ule ukawahusu wao sawasawa na wengine kuanzia mwaka 1984. Basi nchi yaweza kumtoza mtu mmoja faini kwa kutopiga kura, na wakati huo huo ikamfungia jirani yake mlango.

Uholanzi nayo iliwalazimisha watu tangu mwaka 1917, ikaiacha sheria hiyo mwaka 1970. Katika uchaguzi uliofuata wapiga kura walipungua kutoka karibu 95 katika kila 100 hadi karibu 79. Twaona hapa kwamba sheria iliwafikisha watu kituoni, lakini haikuwatia wote moyo wa kwenda.

TUJIFUNZE KWA TABORA

Sasa turudi nyumbani. Wazee wetu walipata kujua maana ya kulazimishwa katika kura. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanywa mwaka 1958 na 1959. Sheria ya wakoloni ilimtaka kila mpiga kura achague watu watatu kwa mara moja: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, na Mzungu mmoja. Aliyemchagua mmoja tu au wawili, kura yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa, kwani yalikuwako masharti ya elimu, kipato au cheo.

Wanachama wengi wa TANU waliona uchungu, wakataka chama kiususie uchaguzi huo. Mkutano ulikutana Tabora mwezi wa Januari 1958, na mabishano yakawa makali. Mwalimu Julius Nyerere alishauri waingie, ili adui asiachiwe viti bure. Mwishowe wajumbe walikubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake. Wagombea wa TANU na wale waliokuwa wakiungwa mkono nayo walishinda, na uamuzi ule waitwa hadi leo Uamuzi wa Busara.

Angalieni jambo moja. Wajumbe wa Tabora waliweza kubishana kwa sababu kususia kulikuwa njia iliyo wazi. Kama kungekuwa na sheria ya kumtoza faini kila asiyepiga kura, wasingekuwa na la kuamua. Walikwenda kwenye sanduku kwa kuwa walishawishika, na mtu aliyeshawishika huwavuta na wenzake.

MAONI YANGU

Kwa hiyo mimi nasema, faini tusiitake. Wahenga walisema, hiari yashinda utumwa. Raia anayekaa nyumbani kwa sababu hakumwona mgombea wa kumfaa, naye ametoa neno, na yafaa wakubwa walisikie. Lakini ile nusu nzuri ya sheria ya Australia twaihitaji: lazima iwe juu ya Serikali, kumrahisishia kila raia njia ya kufika kituoni. Mama aliyejifungua jana, mgonjwa aliyelazwa, na mlinzi aliye zamu usiku na mchana, hao hawakukataa kupiga kura; wamezuiliwa.

Nanyi wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, wengi wenu mmetimiza miaka 18. Kwetu mtu hupiga kura katika kituo alichojiandikisha. Aliyejiandikisha kwao kisha akaja kulala bwenini aweza kuikosa kura yake bila kutaka. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linapoboreshwa, nendeni mkabadilishe taarifa zenu mapema. Wazazi, tafadhali wakumbusheni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sababu mbili za kukubali, na mbili za kukataa, sheria ya kulazimisha watu kupiga kura.
2. Kuna tofauti gani kati ya mtu asiyetaka kupiga kura na mtu aliyezuiliwa?
3. Kama ungalikuwa mjumbe katika mkutano wa Tabora, ungalisema nini? Toa sababu zako.