Mafunzo Niliyopata Nikifuatilia Majalada ya Polisi Chake Chake

Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Chake Chake, kisiwani Pemba. Namsindikiza aliyedhulumiwa kutoka kwa sheha hadi mahakamani, na kesi nyingi zinazonifikia ni za udhalilishaji wa wanawake na watoto. Kila ifikapo miezi ya bajeti, redio hutangaza fedha za Jeshi la Polisi: magari, kamera, mifumo ya kompyuta, mafunzo. Njia yangu hupita kituoni, kwa hiyo nimeona fedha hizo zinapofika na zinapoishia. Haya ndiyo iliyonifunza kazi hii.

1. Jalada ni moja, mifuko ni miwili

Polisi ni jambo la Muungano. Limeandikwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, na bajeti yake husomwa Dodoma na Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Lakini mtoto akidhalilishwa hapa Chake, daktari anayemchunguza analipwa na Serikali ya Mapinduzi. Maabara ya Mkemia Mkuu ni ya Zanzibar. Mwendesha mashtaka yuko chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na hakimu ni wa Zanzibar. Katika mlolongo huo wote, mpelelezi peke yake ndiye anayesubiri fungu la Muungano.

Mahakama maalumu za udhalilishaji zilipoanzishwa Zanzibar mwaka 2021 nilifurahi kwa dhati, na mpaka leo naona ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini hakimu hasikilizi kesi ambayo jalada lake halijamfikia. Mahakama mpya haikuja na mafuta ya gari la mpelelezi anayetakiwa kwenda kijijini kuandika maelezo ya mashahidi. Serikali mbili zikipanga kila moja kivyake, anayepata hasara ni mlalamikaji, na yeye hajui hata mlango upi wa kulalamikia.

2. Kabla ya mashine kuna bahasha

Kwa miaka mingi sampuli za vinasaba kutoka Zanzibar zililazimika kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam. Watu wakazoea kuamini kwamba kinachokosekana ni mashine tu. Mashine ni muhimu, silipingi hilo. Ila nguo yenye ushahidi ikitiwa katika mfuko wa plastiki ingali mbichi, unyevu hubaki ndani, ukungu huota na vinasaba huharibika. Hapo hata maabara bora duniani haina la kusoma. Nguo hiyo inatakiwa ikaushwe kivulini, itiwe katika bahasha ya karatasi, ifungwe, iandikwe nani kaipokea kwa nani, siku gani, saa ngapi. Bei ya bahasha haifiki nauli ya gari kutoka Chake hadi Wete.

Nimeshuhudia mama aliyeleta nguo za mwanawe siku ile ile ya tukio. Katika kituo kimoja cha kisiwani zikawekwa ndani ya mfuko wa plastiki, na zilipohitajika hazikuwa na faida yoyote. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi nilichelewa?" Hakuchelewa. Askari aliyekuwa zamu hakuwahi kufundishwa, na siwezi kumbebesha yeye peke yake lawama hiyo. Anayepokea kielelezo kwanza, karibu kila mara, ni askari wa zamu au polisi wa shehia. Mtaalamu wa maabara huja baadaye sana. Fedha za mafunzo zianzie kwa huyo wa mwanzo.

3. Chumba chenye mlango

Uwekezaji ninaouona ukifanya kazi ni Kituo cha Mkono kwa Mkono. Zanzibar ilianza nacho Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na Chake Chake tunacho. Daktari, polisi na mshauri nasaha wanakutana mahali pamoja, mtoto hahitaji kusimulia aibu yake mbele ya kaunta huku watu wanasikiliza. Muda hapa ni uhai: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Hakuna mashine kubwa ya kusifia mle. Kuna mlango unaofungwa na watu wanaojua kwamba mtoto haulizwi kama mshukiwa.

Tatizo ni uhamisho. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto akifundishwa akaiva, barua inatoka, anapelekwa mkoa mwingine, na nafasi yake anashika mtu ambaye jana alikuwa barabarani akikagua leseni. Kwa jeshi la nchi nzima uhamisho haukwepeki. Lakini asiondoke kabla ya kuachia kazi mwenzake aliyefundishwa.

4. Kamera moja, matokeo mawili

Unguja mjini kamera za mradi wa Mji Salama zipo. Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar ya 2016 inakubali ushahidi wa kielektroniki, mradi aliyeuleta aweze kueleza umepatikanaje na umehifadhiwaje. Kamera za kuvaliwa na askari nazo hazijatoa jibu moja. Huko Rialto, California, malalamiko dhidi ya askari yalipungua sana baada ya askari hao kuvishwa kamera. Mjini Washington, mwaka 2017, utafiti uliohusisha askari zaidi ya 2,000 haukuona tofauti ya maana. Kifaa ni kile kile, matokeo hayakuwa yale yale; kununua kamera peke yake hakutoshi.

5. Pemba ina kumbukumbu

Januari 27, 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji hapa kisiwani. Human Rights Watch iliandika kwamba kote Zanzibar waliouawa hawakupungua 35, na majeruhi walizidi 600. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Wazazi wanaoniletea kesi leo wengi walikuwa vijana wakati ule. Baadhi yao hupitia kwa sheha na kwa wazee kwanza, na kituoni hufika siku zimeshapita, ushahidi umeshafuliwa. Kila shilingi ya mafunzo inayomfundisha askari kusikiliza inafanya kazi pia juu ya jeraha hilo, na kwa maoni yangu hii ni sababu tosha ya Pemba kupewa kipaumbele.

6. Maswali ya kuuliza

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mbunge wako akirudi kutoka Dodoma, muulize: katika fedha za polisi zilizopitishwa, mafunzo ya askari wa zamu na wa dawati wilaya ya Chake Chake yamepata kiasi gani, na mafuta ya upelelezi kiasi gani? Mwakilishi wako akirudi kutoka Baraza la Wawakilishi, Chukwani, muulize habari za maabara na hospitali. Muulize kila mmoja hadharani, kwenye mkutano wa shehia, na jibu liandikwe.