Karatasi Ichukuayo Mzigo

Shikeni ukurasa wa daftari kwa ncha moja. Mara ncha ya pili huinama. Je, kitu dhaifu namna hii chaweza kumchukua mtu mzima? Chaweza, kikipangwa vema.

Mlango wa ghala yetu ulipoharibika tuliupasua. Mlango ule ulikuwa mwepesi, hata mvulana mmoja aliubeba kichwani. Tulidhani ni mbao tupu, kumbe sivyo. Nje mlikuwa na vibao viwili vyembamba. Kati yake mlikuwa na karatasi ngumu iliyogundishwa, ikafanya vijumba vingi vya pembe sita, mfano wa sega la nyuki.

Nguvu yake yatoka wapi? Ubao ukilazwa juu ya mawe mawili na kutwikwa mzigo, upande wa juu hubanwa, na upande wa chini huvutwa. Katikati hapabanwi sana wala hapavutwi sana. Kwa hiyo kitu kigumu chatakiwa juu na chini. Katikati chatosha kitu chepesi, maadamu chavizuia vibao viwili visikaribiane wala visiteleze. Hiyo ndiyo kazi ya sega. Tena, nafasi kati ya vibao ikiongezwa mara mbili, ugumu wa kutoinama huzidi karibu mara nne, na uzito huongezeka kidogo tu.

Na kwa nini pembe sita? Ukitaka kugawanya mahali kuwa vijumba vilivyo sawa kwa ukubwa, pembe sita hutumia kuta chache kuliko umbo lolote. Nyuki hujenga hivyo tangu zamani. Mwanahesabu Thomas Hales wa Marekani alilithibitisha jambo hilo mwaka 1999.

Lakini kila kitu kina udhaifu wake. Mzigo ulioenea sega hulichukua. Pigo la nyundo mahali pamoja hubonyeza kibao na kuvunja vijumba. Na adui aliye mkubwa zaidi ni maji. Mlango wetu uliwekwa mahali pa kurushiwa mvua. Maji yakapenya chini, karatasi ikalegea, gundi ikaachia, na kibao kikavimba. Fundi hakukosa kazi yake. Sisi tulikosa kuchagua mahali. Mlango wa namna ile ni wa chumba cha ndani.

JARIBIO. Kateni vipande kumi vya karatasi, upana wa vidole viwili. Kila kipande kikunjeni kiwe na pembe sita, mkigundishe. Visimamisheni pamoja mezani, mweke juu yake kitabu kimoja kimoja hata vianguke. Hesabuni vitabu. Kisha tengenezeni vingine, mvinyunyizie maji, mhesabu tena.

MASWALI
1. Mzigo ukiwa juu ya ubao, upande gani huvutwa?
2. Sega lina kazi gani kati ya vibao?
3. Mlango wa ghala uliharibikaje, na kosa lilikuwa la nani?