Maji Yakikwama Mwilini
Kijitabu cha kaya kuhusu presha na figo

Usiache dawa

Ukiandikiwa dawa ya presha, imeze kila siku, hata siku unayojisikia mzima kabisa. Presha ikishuka, dawa ndiyo iliyoishusha. Ukiiacha itapanda tena, na mara nyingi hutasikia chochote: si kichwa kuuma, si kizunguzungu.

Mzee mmoja aliletwa kituoni na wanawe kwa bajaji, amekaa wima kwa sababu akilala anakosa pumzi. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, mikanda ya kandambili imechora mifereji juu ya nyayo. Mkewe alikuja na mfuko wa dawa. Vidonge vya miezi minne, havijaguswa. Nikamuuliza, "Baba, mbona hukumeza?" Akajibu, "Daktari, nilishapona."

Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu.

Presha na figo

Figo ndizo zinazotoa maji na chumvi iliyozidi kwa njia ya mkojo. Presha ya muda mrefu huziharibu polepole. Zikishachoka, maji na chumvi hubaki mwilini, na presha nayo inazidi kupanda.

Pima presha hata kama huumwi. Ikiwa 140/90 au zaidi kila unapopimwa, unahitaji kuonwa na daktari.

Jikague nyumbani

Bonyeza mfupa wa mbele wa mguu kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi, kisha achia. Shimo likibaki kama umebonyeza unga uliokandwa, kuna maji yamekaa hapo. Angalia pia macho yaliyovimba asubuhi, pete inayokataa kutoka, mkojo wenye povu lisilokatika, mkojo unaopungua, kuamka usiku mara nyingi kukojoa. Mwenye mzani ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa: kilo mbili zikiongezeka kwa siku chache, hayo si mafuta, ni maji. Nenda kituo cha afya.

Mgonjwa akikosa pumzi akilala, usingoje kesho.

Chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na kinajumlisha kila kitu: ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye ng'onda na papa mkavu, ya kwenye vidonge vya kuunga mchuzi. Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Magadi unayotia kwenye maharage nayo yahesabu, yana madhara yaleyale kwa mwenye presha. Embe bichi la chumvi na pilipili waachie wengine. Tumia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu. Ulimi utazoea baada ya wiki chache.

Maji ya kunywa

Wengi huambiwa "kunywa maji mengi usafishe figo." Mtu mwenye figo zilizochoka na miguu iliyovimba asifuate ushauri huo. Muulize daktari kiasi chako kwa siku, kisha kipime kwa jagi asubuhi. Uji, chai, soda, supu na tikiti vyote vimo ndani ya kiasi hicho.

Dawa za maumivu

Diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo na kupandisha presha. Usizinunue dukani kwa ajili ya mgongo au magoti bila kumwambia muuzaji kwamba una presha. Usichanganye na dawa za mitishamba usizozijua zimetengenezwa na nini.

Kidonge cha kukojosha

Watu hukiruka siku ya safari ya basi au ya msiba, kisha wiki nzima. Usikiruke. Uliza kliniki ukimeze saa ngapi siku hiyo. Kwa kawaida humezwa asubuhi.

Mama mjamzito

Uso au mikono kuvimba, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu: nenda hospitali leo.

Narudia: usiache dawa

Usiache kwa kuwa presha imesoma vizuri. Usiache kwa kuwa umeombewa. Usimpe jirani nusu ya vidonge vyako. Ukisahau kidonge cha jana, usimeze viwili leo. Kikikuletea kikohozi au kizunguzungu, rudi tukubadilishie, usikitupe. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na nauli peke yake huishinda familia.

Siku ya kliniki njoo na vidonge vyote, hata ulivyoacha kumeza. Tutavihesabu pamoja, hakuna atakayekufokea.