Wimbo Unaoimbwa Kijijini Unatuambia Nini?

SOMO KWA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo: Kikundi kijifunze kusikiliza nyimbo ambazo watu wanazipenda, ili kitambue shida ya kweli kabla ya kuanza mradi.
Muda: Saa moja na nusu.
Vifaa: Karatasi kubwa, kalamu, na simu au redio ya mwanachama.



Tunaanza na kosa letu wenyewe. Kuna kikundi cha akina mama tulichokitembelea tukiwa na mpango wa kufuga nyuki. Walitupokea kwa wimbo wa kukaribisha wageni, lakini walikuwa wameongeza ubeti wao. Ubeti huo ulieleza vile mama anaficha sufuria akisikia mwanawe anarudi nyumbani usiku. Tulicheka, tukapiga makofi, kisha tukafungua daftari na kuanza habari ya mizinga.

Mizinga kumi ililetwa. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imebaki miwili tu. Ile mingine ilibebwa usiku ikauzwa, na pesa zikaishia kwa chang'aa. Hakuna mama aliyetaka kumtaja mwizi, kwa sababu kila mmoja aliogopa kwamba huenda ni mwanawe. Kumbe walikuwa wametuambia siku ya kwanza! Sisi ndio hatukusikia.

KWA NINI WIMBO HUSHIKA WATU?

Ndani ya matatu, kwa simu ya mtu wa bodaboda, hata jikoni, tunasikia wimbo ule ule. Sababu si utamu wa ngoma peke yake. Nyimbo tamu ni nyingi, na nyingi husahaulika. Tuangalie tatu ambazo wengi wetu tunazikumbuka.

1. Wimbo husema lile watu wanaogopa kusema. Mwaka wa 2001 Eric Wainaina alitoa "Nchi ya Kitu Kidogo", wimbo juu ya hongo. Kila mtu aliyewahi kuhangaika akitafuta kitambulisho, au kusimamishwa barabarani, alijua unasema nini. Mtu mmoja akilalamika ofisini anaweza kufukuzwa. Lakini watu wote wakiimba, atafukuzwa nani?

2. Wimbo huliwaza. "Jerusalema", wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, ulitoka mwishoni mwa 2019. Mwaka wa 2020 ukaenea kote duniani. Umeimbwa kwa Kizulu, na wengi wetu hatujui Kizulu. Lakini ni ombi la mtu anayemwomba Bwana asimwache peke yake, na wakati huo wa korona makanisa yetu yalifungwa na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Watu walikuwa wapweke. Wauguzi, mapadre na watawa wa nchi mbalimbali walionekana wakiucheza pamoja, na sisi tukaucheza.

3. Watu huutia wimbo maana yao wenyewe. Mwezi wa Juni 2024, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, waliimba "Anguka Nayo" wa kundi la Wadagliz. Huo ni wimbo wa kucheza, haukutungwa juu ya kodi. Vijana ndio waliuchukua ukawa wao. Mzee aliyesema, "Hawa wanacheza tu," hakusikia kitu. Baadhi ya vijana hao waliuawa, hawakurudi nyumbani.

Hata Biblia yatufundisha hivyo. Zaburi si nyimbo za shukrani tu. Nyingi ni za kulia, kuuliza na kulalamika mbele ya Mungu, na hazikutolewa ndani ya Kitabu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Wiki moja kabla ya mkutano, kila mwanachama asikilize ni nyimbo gani zinaimbwa, wapi, na nani: mtoni, kwa mashine ya kusaga, uwanjani, kwenye matanga. Asiziache nyimbo za vijana, hata kama hazimpendezi.

2. Mkutanoni, andikeni nyimbo tatu zilizotajwa na wengi. Ziimbeni kidogo, au zichezwe kwa simu.

3. Kwa kila wimbo, ulizaneni: Wanaouimba wanafurahia nini? Wanaogopa nini? Wamekasirishwa na nini?

4. Chagueni jambo moja tu ambalo kikundi kinaweza kulifanyia kitu mwaka huu.

Kiongozi wa somo, jihadhari na mambo mawili. Kwanza, usianze kuhubiri ati wimbo fulani ni mbaya. Ukifanya hivyo vijana watanyamaza, na somo litakuwa limekwisha. Pili, usikubali mtu atajwe kwa jina na mwingine. Wimbo huweza kusema ukweli bila kumwaibisha mtu, na mkutano ufanye vivyo hivyo.

TULIPORUDI

Tulirudi kwa akina mama wale, tukawaomba waimbe ubeti wao tena. Safari hii hatukupiga makofi. Walipomaliza kulikuwa kimya kwa muda mrefu. Halafu mama mmoja akasema, "Huyo ni wangu." Mwingine akasema, "Hata mimi." Mchana huo hatukuzungumza juu ya nyuki hata kidogo. Walikubaliana kuketi na vijana wao na kuwauliza kazi gani wangeweza kufanya pamoja. Kazi hiyo bado ni ngumu, na si vijana wote wamekuja. Lakini sasa kikundi kinajua kinapigana na nini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni wimbo gani unaimbwa sana kijijini kwetu sasa? Ni nani hasa wanaouimba?
2. Ni shida gani tunayoiimba lakini hatujawahi kuileta mkutanoni?
3. Mradi wetu wa sasa unajibu kilio cha nani?
4. Vijana wetu wanasikiliza nini, na tumewahi kuwauliza kwa nini?

Mkimaliza somo hili, tuandikieni mtueleze yale mliyosikia.